Mafuta Yaliyovuja kwa Wakwe Zangu

Gari la baba mkwe wangu lina viti viwili tu, na mimi nilioa katika nyumba ya watu kumi na wanne. Nalisema hilo mapema ili ieleweke kwamba tangu mwanzo hapakuwa na akili katika jambo hili. Ni gari dogo la mbio, jekundu, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, na limekaa chini hivi kwamba mbuzi wa Kasongo wakisimama kando yake hutazama ndani bila kuinua shingo. Mzungu mmoja wa mambo ya pamba aliliacha kwa mtu aliyekuwa akimtunzia, akasema atarudi. Hakurudi. Huyo mtunzaji alikuwa baba yake baba mkwe, na ndivyo gari la mbio lilivyohamia kwa familia ya wauza mchele na chumvi, katika mji ambao barabara zake hazimruhusu hata mwenye baiskeli kukimbia.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Kibanda changu kiko karibu na soko, na nina hasira za karibu, hilo mji mzima unalijua. Mteja akianza kunionyesha ni wapi nianze kufungua, namkabidhi spana naenda kunywa chai. Lakini kwa baba mkwe sikuwa fundi, nilikuwa mkwe, na mkwe hana hasira. Mkwe ana ndiyo Baba na ndiyo Mama, basi.

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu. Juu kabisa ya injini pana kifuniko kirefu cha bati gumu, na chini yake valvu zinapiga kelele zikiogelea mafuta. Kati ya kifuniko na injini hukaa kitu tunachokiita jwen, ukanda laini unaobanwa na chuma pande zote mbili ili mafuta yasipite. Sasa mafuta yalikuwa yanapita. Yalishuka ubavuni taratibu, bila haraka yoyote, hadi kwenye bomba la moshi ambalo huwa la moto, na hapo yakageuka moshi mweupe ulioingia ndani ya gari na kumkaa dereva machoni. Ijumaa moja kabla ya Idi baba mkwe alifika msikitini akibubujikwa na machozi. Watu wawili walikwisha kumshika mkono na kumpa pole ya msiba kabla hajapata pumzi ya kueleza kuwa hakufiwa na mtu.

Moshi ule asingejali sana, maana yeye ni mtu wa subira. Lakini ana dada yake mkubwa, ambaye aliolewa Kabambare akiwa binti na akabaki hukohuko. Huyo dada alikulia nyumba moja na lile gari. Aliliosha kila wiki tangu alipoweza kubeba ndoo, na hakulipanda hata siku moja, kwa sababu baba yao alisema gari si kitu cha wasichana. Baba alipokufa, gari likamwangukia ndugu wa kiume, naye akaapa mbele ya watu kwamba dada yake atalipanda. Kiapo kikakaa. Kila mwaka kulikuwa na jambo: mara vita, mara mimba, mara mavuno, mara barabara. Wote watatu wakazeeka, yeye, dada na gari.

Kisha kiangazi kimoja likaja neno kupitia kwa mwendesha pikipiki mmoja wa njia ya Kabambare. Shangazi, ndivyo tunavyomwita huyo dada, alisema anakuja kabla ya mvua. Alisema miguu yake bado inaweza kukaa juu ya pikipiki mwaka huu, mwaka ujao hajui, na kama gari halitembei aambiwe mapema ili asijisumbue.

Baba mkwe aliniita siku ileile. Tulikaa viti mbalimbali, kwa adabu.

"Mukwe wangu," akasema, "dada yangu iko anakuya. Na ile moshi, mutu muzima hawezi kuivuta."

"Nitaikaza, Baba."

"Uikaze muzuri."

"Baba, nitaikaza mpaka ile mafuta ijute."

Nilisema hivyo kwa sababu kukaza ndiyo sifa yangu. Anayetoka Kasongo kwenda Kabambare kwa pikipiki hupoteza njiani kila kitu ambacho hakikukazwa: kioo, kibati cha namba, kopo la dawa, na mara moja abiria. Njia ile hufungua nati kuliko fundi yeyote. Kwa hiyo sisi mafundi wa huku tumejifunza kukaza hadi mwisho, na baada ya mwisho tunaongeza robo ya mzunguko. Wateja hunipenda kwa hiyo robo. Kuna pikipiki nilizozikaza mimi ambazo mpaka leo mwenye mali hawezi kuzifungua, anazipanda hivyohivyo.

Nilienda na zana zangu asubuhi, nikafungua mfuniko wa mbele, nikainama. Hapo ndipo nilipogundua shida ambayo haiko kwenye pikipiki.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli mbele yake, hukai naye kiti kimoja, na zaidi ya yote humpi mgongo, wala kile kilicho chini ya mgongo. Sasa gari lile limekaa chini na injini yake iko chini zaidi. Hakuna njia ya kuifikia bila kuinama mpaka sehemu fulani ya mwili wako iwe ya juu kuliko zote, na sehemu hiyo ilielekea baraza, ambako mama mkwe alikuwa amekaa na ungo akitoa mawe kwenye mchele. Alikohoa. Akabeba ungo wake akaingia ndani. Baada ya muda akachungulia, akanikuta vilevile, akarudi. Mchele wa siku hiyo ulipikwa na mawe yake, na baba mkwe akavunjika kipande cha jino.

Nilijaribu kupiga magoti, sikuona kitu. Nilijaribu kuingilia ubavuni, nikaungua kidevu. Tukaligeuza gari, na upande wa pili kukawa na dirisha la jiko. Mwishowe mke wangu akachoka na mimi, akatoa kikwembe chake, kitenge kikubwa chenye ndege wa buluu, akakifunga kutoka mpapai hadi nguzo ya jiko, nyuma yangu kabisa.

"Sasa inama na amani, baba watoto," akasema. "Na usikanyage chini yake, sina ingine ya kuvaa ku harusi."

Basi kwa siku zote zilizofuata nilifanya kazi nikiwa na pazia matakoni. Waliopita njiani walisimama kuuliza kama kuna mtu anaoga.

Jwen ya zamani ilikuwa imekauka, ikatoka vipandevipande. Nikakata nyingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kitu ambacho nimekifanya mara nyingi na sijaona aibu. Nikaipanga, nikarudisha kifuniko, nikakaza. Nilikaza mpaka mwisho, nikaongeza robo. Nati ya tatu ililia kidogo, nikaichukulia kuwa ni furaha. Baba mkwe akapiga injini moto, tukasimama tukiangalia, mimi mikono kiunoni.

Kabla maji ya chai hayajachemka, mafuta yalitoka mahali palepale, na sasa yalitoka pia mahali pengine pawili. Mpira uliokunywa mafuta ulivimba, ukachomoza nje ya kifuniko kama ulimi wa mtu anayekudharau. Moshi ukapanda. Kuku wakahama.

"Inakuya na nguvu sasa," alisema baba mkwe kwa upole wake. Angekuwa mteja wa kawaida ningemjibu.

Nikaongeza robo nyingine. Mafuta nayo yakaongeza.

Habari zilienea, na hapo nikateseka kweli. Mkwe hawezi kumfukuza mgeni kwenye ua wa wakwe zake, kwa hiyo kila mwenye maoni aliingia, akasalimia, akanywa maji, akanifundisha kazi. Mmoja alisema sabuni. Mwingine alisema utomvu wa mgomba. Mjomba wa mke wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alileta kibuyu cha ugali laini wa muhogo, akaupaka mwenyewe pande zote za kifuniko huku mimi nikimshikia kibuyu na kusema asante. Ulikauka vizuri. Kisha injini ikapata moto, ugali ukaanza kuiva, harufu ikawa nzuri kabisa, na kuku waliokuwa wamehama wakarudi wote. Nilisimama pale nikiwafukuza kuku juu ya injini ya gari la mbio, na moyoni nilikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Shangazi alifika katikati ya hayo. Alikuwa ametoka Kabambare siku mbili nyuma, akalala njiani kwa jamaa kijijini Wamaza, na alikuwa mwekundu wa vumbi toka kilemba mpaka vidole vya miguu. Mwanamke mdogo, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko yeye. Watu walitoka kumpokea na mkeka na maji. Aliwapita. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akalizunguka lote, akagusa taa moja na nyingine, akafuta vumbi kwenye mlango kwa kipande cha nguo yake kana kwamba aliliacha jana. Ndipo akamgeukia ndugu yake.

"Inatembea?"

"Inatembea, Dada. Ila iko na moshi kidogo."

"Mi sikuuliza moshi."

"Bila kutengeneza ile moshi, mutu anashindwa kuona njia. Mukwe iko anatengeneza."

Shangazi akatazama kikwembe cha ndege wa buluu, na miguu yangu iliyoonekana chini yake. Shangazi wa mke wangu ni mama mkwe wangu naye, tena wa daraja la juu. Nilibaki nimeinama nyuma ya pazia, nikamsalimia kwa kupiga makofi polepole, kichwa kikiwa ndani ya injini. Akanijibu vizuri. Kisha akasema kwa wote kwamba mawingu ameyaona upande wa Kabambare, ana karanga za kupanda, anakaa siku nne na siku ya tano yuko juu ya pikipiki.

Siku nne. Usiniulize nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya. Mama yule alikuwa amevunjwa mgongo na njia kwa siku mbili, katika umri ambao wengine wanaletewa uji kitandani, kwa ajili ya ahadi ya ndugu yake, na kitu pekee kilichosimama katikati kilikuwa mimi na sifa yangu ya kukaza.

Siku ya kwanza nilifungua kila kitu, nikabeba kifuniko kitupu mpaka duka la jirani lenye meza ya kioo. Nikakilaza juu ya kioo, mdomo chini. Kikatikisika. Nikakibonyeza pembe hii, ile nyingine ikainuka. Kila mahali penye tundu la nati, bati lilikuwa limebonyea ndani, na katikati ya nati na nati limeinuka, mwanya wa kupitisha sarafu. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Zile robo zangu zote zilikuwa pale juu ya kioo, unaweza kuzihesabu. Nilikuwa nimekibana kifuniko mpaka kimekunjika, na kadiri nilivyokaza ndivyo nilivyoyafungulia mafuta mlango. Mwenye duka aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia kioo chake si sawa.

Nilikinyoosha kwa ubao na nyundo ndogo, kidogokidogo, nikirudi kwenye kioo kila mara, mpaka kikatulia. Ilinichukua siku nzima. Ikabaki jwen. Mpira nilikwisha kuuona ulimi wake. Nilitaka kizibo, lile gamba jepesi la mti linalozibia chupa za divai, kwa sababu halivimbi na linabanwa kwa upole. Katika Kasongo nzima nilijua mahali pamoja tu penye kizibo cha upana huo: kabati la mama mkwe. Alikuwa na vipande sita vya kuwekea sufuria moto mezani, chini kizibo, juu picha za milima yenye theluji, zawadi ya harusi yake, ambavyo havijawahi kuwekewa sufuria yoyote kwa sababu ni vizuri mno.

Siwezi kumwomba mama mkwe kitu uso kwa uso. Nilimwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mdogo wake, mdogo wake akamwambia mama. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo: anauliza, vyote sita? Nikapeleka: vinne. Nikasikia kabati likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Kisha vikaletwa vitatu, na neno kwamba mlima ule mkubwa wa katikati hautoki. Nikakata vitatu nikaviunganisha kwa meno, jino la huku ndani ya pengo la kule, siku nzima ya pili nikiwa na wembe na uvumilivu wa kuazima.

Siku ya tatu nilirudisha kifuniko. Safari hii nilikaza kwa vidole viwili, kama mtu anayefunga chupa ya dawa ya mtoto, nikiruka kutoka nati ya huku kwenda ya kule. Ilinitesa. Mkono wangu ulikuwa ukitaka ile robo, ikabidi niweke spana mfukoni mwa mke wangu. Tukapiga moto. Mahali pote palikaa pakavu. Baba mkwe akaanza kutabasamu. Kisha, mbele ya macho yetu, tone moja likajikusanya chini ya kifuniko, likanenepa, likashuka. Halafu lingine.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Sikuwa na robo, sikuwa na mpira, sikuwa na wazo. Naweza kusema kwamba nilikaribia kulia, na safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa gari, umbali wa adabu, amenigeuzia bega kama inavyotakiwa. Siku zote tatu alikaa pale, akisema anapumzika. Sasa akainuka, akaja upande ule wa injini usiotazamwa na mtu, akainama bila pazia lolote, akanyoosha mkono chini kabisa ubavuni.

"Hapa kulikuwaka tundu," akasema, kwa ndugu yake, si kwangu, maana hatuongei moja kwa moja. "Bomba fupi. Nilikuwa naosha, motere ikiwa inatembea, inanipumulia ku mukono. Puu, puu. Nilikuwa naipenda. Juu ya nini haipumui?"

Baba mkwe akainama upande wake. Mimi nikainama wangu. Bomba lilikuwepo, nimelipita mara mia. Mwisho wake ulikuwa mweusi, umejaa mafuta na vumbi, nikaudhani kuwa umetengenezwa hivyo. Shangazi akaushika kwa kucha, akauzungusha, akavuta. Ukatoka kwa mlio wa kizibo cha kibuyu cha pombe, na pumzi ndefu ya moto ikafuata nyuma yake. Akaufuta kwenye nyasi, akauinua watu wauone. Lilikuwa gunzi la hindi, limezungushiwa kitambaa.

Na mimi nikalitambua.

Naomba nieleweke. Kwetu kitu chochote chenye mafuta ndani hakiachwi wazi. Tunakamua mawese, tunayatia kwenye bidoni, yaani dumu, na bidoni inazibwa kwa gunzi lililozungushiwa kitambaa, ama sivyo ni panya, ni siafu, ni vumbi la kiangazi. Mtoto wa Maniema, mkoa wetu huu, hujua kuchonga gunzi la kuzibia kabla hajajua kuandika. Siku nilipokuja mara ya kwanza katika ua ule kujionyesha, nikiwa kijana wa familia ya wakulima anayetaka binti wa mjini, baba mkwe alinionyesha gari lake. Nikaona bomba liko wazi, lina mafuta ndani. Nikasikia vibaya, kama ningeona sufuria ya mama yangu haina mfuniko. Nikaomba gunzi, nikalichonga, nikalizungushia kitambaa cha leso yangu mwenyewe, nikaligonga kwa kiganja mpaka likaketi. Injini haiwezi tena kupumua kule chini, kwa hiyo pumzi yake yote inasukuma mafuta juu. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba mzee alinitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kumwambia mtu aliyekuwa karibu kuwa huyu kijana anaona mambo. Nadhani nilipewa mke kwa sababu ya lile gunzi.

"Nani aliweka hii?" akauliza shangazi.

Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa akilitazama gunzi, na kitambaa chenye mistari ya kijani, na kisha kwa muda mfupi sana akanitazama mimi, na nikajua kwamba anakumbuka kila kitu.

"Ni mambo ya zamani, Dada," akasema. "Pengine ni baba."

Marehemu akabebeshwa lawama, na mimi nikainamisha kichwa. Nampenda mzee yule. Sijawahi kumwambia, kwa sababu mkwe hasemi hivyo, basi naandika hapa.

Tuliacha injini itembee mpaka kifuniko cha rejeta ya maji kikawa cha moto. Hakuna tone. Mke wangu alipitisha kitambaa cheupe kuzunguka kifuniko chote, kikarudi cheupe.

Siku ya nne asubuhi gari lilioshwa, paa likakunjwa, na shangazi akatoka na kikwembe kipya. Ndipo mtu akauliza nani anaendesha.

Wote tulikuwa tumefikiria moshi tu. Goti la baba mkwe lilikuwa limekwisha tangu Idi, halikanyagi tena klachi. Mke wangu hajui. Mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu, na gari lina viti viwili, na kati ya kiti na kiti hapapiti hata ngumi. Mimi, bega kwa bega na shangazi wa mke wangu, mbele ya mji. Hata waliokuwa wakicheka waliacha. Mjomba wa ugali akapendekeza kikwembe cha ndege kifungwe katikati ya viti. Tukakifunga, nikaingia kujaribu, na mkono wangu haukufika kwenye gia. Mwingine akasema nitoe faini ya kuku kwanza ndipo adabu ilegezwe kwa siku moja. Wakaanza kubishana kama ni kuku au mbuzi.

Shangazi alisikiliza mpaka wakafika kwenye mbuzi.

"Ambia huyu mukwe atoke," akasema.

Nikatoka. Akafungua kile kikwembe, akakikunja, akampa mke wangu. Akakaa kwenye kiti cha usukani.

"Dada, kiti yako ni ile ingine," akasema ndugu yake.

"Mi sikutoka Kabambare kwa kubebwa. Nimebebwa siku mbili. Panda."

"Unajua?"

"Kila wiki nilikuwa naosha, baba akienda kulala nakaa hapa. Hii ni klachi. Hii ni frein, ya kusimamisha. Hii ya mafuta. Siku aliniona alinipiga, na kesho yake akaanza kukufundisha weye. Panda."

Baba mkwe akapanda, na goti lake lote, upande ambao hajawahi kukaa maishani mwake. Gari liliruka mara moja, likazima. Liliruka mara ya pili, likazima. Mara ya tatu likatoka uani, polepole, kwa gia ya kwanza, likilia, na mimi nikakimbia mbele nikiondoa mbuzi na baiskeli za mawese, nikipiga kelele watu wapishe. Hakuna moshi. Wanawake walitoka majumbani. Yeye alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele tu, mdomo ameufunga kabisa.

Tulikwenda hivyo mpaka barabara inaponyooka kutoka mjini. Hapo nilikuwa ubavuni mwa gari, nimeishiwa pumzi, na nikamsikia baba mkwe, kwa sauti aliyotaka isikike juu ya injini.

"Dada. Baba alikosea. Hii motokari ilikuwa yako."

Shangazi akasema, "Nyamaza, iko naendesha," akakanyaga klachi, akatafuta gia ya pili, akaipata, na mimi nikabaki nyuma.